Kocha Msaidizi Katika Kanda ya Almasi na Dhahabu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi fedha za migodi zilivyoingia katika soka la Shinyanga na Geita: mgodi wa almasi wa Williamson ukiilea Mwadui FC, kampuni ya Acacia ikiidhamini Stand United mwaka 2015, na mgodi wa dhahabu wa GGML ukisimama nyuma ya Geita Gold. Leo tuwageukie wanaofanya kazi ndani ya timu za namna hiyo, hasa yule anayekaa kiti cha pili kwenye benchi la ufundi. Magazeti humtaja kwa mstari mmoja tu, mara nyingi siku anapofukuzwa.

Kwanza tujue anafanya nini. Siku ya mazoezi, kabla wachezaji hawajafunga viatu, kocha msaidizi ameshafika uwanjani. Anapanga koni, anaibonyeza mipira kwa kidole gumba ili aijue iliyopungua upepo, anagawa vizibao vya rangi mbili mafungu mawili. Ana daftari lenye majina ya wanaoumwa msuli wa paja na ya wenye kadi mbili za njano. Kocha mkuu akishatangaza kikosi cha kwanza, msaidizi ndiye anayekwenda kukaa na kijana aliyeachwa nje, maana kijana huyo ataingia dakika ya sabini na hatakiwi aingie na kinyongo. Timu ikisafiri kwa basi kutoka Shinyanga kwenda Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita elfu moja, yeye ndiye anayesikia yote yanayosemwa viti vya nyuma: posho ambayo haijafika, mke aliyejifungua, mchezaji aliyepigiwa simu na timu nyingine. Anatakiwa ajue lipi la kumfikishia bosi wake na lipi la kulimaliza yeye mwenyewe. Hakuna kozi inayofundisha jambo hilo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe kupitia watu waliopita huku kwetu. Tuanzie Dar es Salaam, walikotoka baadhi yao. Mei 18, 2013, Yanga iliifunga Simba 2-0 Uwanja wa Taifa, msimu ambao Yanga ilitwaa ubingwa. Makocha wakuu walikuwa wageni wote wawili: Mholanzi Ernie Brandts upande wa Yanga, Mfaransa Patrick Liewig upande wa Simba. Wasaidizi wao walikuwa Watanzania: Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga, na Jamhuri Kihwelu, maarufu kwa jina la Julio. Kabla mwaka huo haujaisha wote wanne walikuwa wameondoka. Liewig alitangulia. Simba ikamweka Abdallah Kibadeni na kumwacha Julio kama msaidizi, kisha Novemba ikawaondoa wote wawili kwa pamoja. Mwezi uliofuata, baada ya kufungwa na Simba 3-1, Yanga nayo ikamwondoa Brandts, na Minziro akaondoka naye. Minziro alikuwa pale tangu kabla ya Brandts. Mwaka 2012 alikuwa msaidizi wa Mbelgiji Tom Saintfiet timu ilipochukua Kombe la Kagame, na Saintfiet alipotimuliwa yeye akabaki kumpokea Mholanzi. Safari hii hakubakizwa.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Msaidizi hakuchagua mfumo wala mchezaji wa kusajiliwa, na pengine hata aliupinga upangaji wa siku ile kwa sauti ya chini pale kwenye benchi. Lakini matokeo yakiwa mabaya, hukumu humwangukia sawa na aliyeamua.

Soka la Kanda ya Ziwa liliwapa baadhi yao nafasi ambayo Dar es Salaam haikuwapa. Mwadui ilimchukua Julio, na mwaka 2015 akaipandisha Ligi Kuu. Msimu wa 2015/16 mkoa wa Shinyanga ukawa na timu mbili za Ligi Kuu kwa pamoja, na Stand United, timu iliyozaliwa na vijana wa stendi ya mabasi, ikawa chini ya Liewig yule yule. Bosi na msaidizi wake wa Simba wakawa wapinzani wa mkoa mmoja, mmoja akifanya kazi Uwanja wa Kambarage mjini, mwingine kule Mwadui kwenye uwanja wa mgodi. Kwangu mimi lile lilikuwa jambo kubwa kuliko lilivyoandikwa wakati ule, kwa sababu lilionyesha wazi kwamba mtu aliyebeba daftari la mwenzake anaweza kupewa timu yake mwenyewe akaisimamisha.

Liewig alipoondoka Shinyanga mwaka 2016, Stand ikampa kazi Mzanzibari Hemed Suleiman, maarufu Morocco. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa msaidizi wa Charles Boniface Mkwasa katika Taifa Stars. Fuata njia yake baada ya hapo. Desemba 2017 aliifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Kombe la Chalenji nchini Kenya, wakatoka sare 2-2 na wenyeji na kupoteza kwa penalti. Baadaye akarudi kiti cha pili Taifa Stars, chini ya Adel Amrouche, bila kuona kwamba ameshushwa cheo. Januari 2024, kwenye AFCON ya Ivory Coast, Stars ilifungwa na timu ya taifa ya Morocco 3-0, Amrouche akafungiwa kwa maneno aliyoyasema dhidi ya Morocco, na timu ikamwangukia msaidizi zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kuivaa Zambia. Alitoka sare ya 1-1 na Zambia, tena bao la kusawazisha tulifungwa dakika za mwisho, kisha sare tasa na Kongo. Novemba mwaka huo akiwa kocha mkuu aliifunga Guinea 1-0 na kuipeleka Tanzania AFCON ya 2025. Mtu anayeingia hivyo katikati ya mashindano hana wiki ya kujifunza majina. Aliweza kwa sababu wachezaji alikuwa anawajua tayari.

Habari ya Minziro ina uchungu zaidi. Baada ya Yanga alijijengea sifa ya kupandisha timu. Aliipandisha Singida United mwaka 2017, na Ligi Kuu ilipoanza timu ilikuwa mikononi mwa Hans van der Pluijm. Aliipandisha KMC mwaka 2018, na nafasi ikaenda kwa Mrundi Etienne Ndayiragije. Mwaka 2021 aliipandisha Geita Gold, na kwa mara nyingine akaletwa Ndayiragije huyo huyo, Minziro akabaki chini yake. Matokeo yakawa mabaya, Mrundi akaondoka mapema, na timu ikarudi kwa aliyeipandisha. Geita ikamaliza msimu wa 2021/22 nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, na timu ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa kanuni ya bao la ugenini.

Simdharau Ndayiragije, ni kocha hodari, aliifikisha Mbao ya Mwanza fainali ya Kombe la FA mwaka 2017. Lakini ni vigumu kuitazama orodha hii bila kuona kwamba klabu zetu humwamini mzawa kwenye vumbi la daraja la chini na kumtilia shaka mara kamera zinapofika.

Wenye klabu watasema tatizo ni leseni, na kwa sehemu wana hoja. Vyeti vya CAF hupanda kutoka D, C, B, A hadi Pro, na mashindano ya Afrika yana masharti. Mwaka 2021 Mfaransa Didier Gomes wa Simba hakuruhusiwa kuongoza kama kocha mkuu katika mechi za CAF kwa sababu ya leseni yake, ikabidi aletwe Mnyarwanda Hitimana Thierry awe msaidizi na kulibeba jukumu hilo. Lakini leseni haitolewi kama zawadi, husomewa. Kozi ina gharama, inamtoa mtu kazini, na msaidizi ambaye mshahara wake unachelewa hawezi kuilipia peke yake.

Stand ilishuka Ligi Kuu mwaka 2019, Mwadui ikafuata 2021, Geita Gold 2024. Ombi langu kwa halmashauri, migodi na wanachama wanaotaka kuzirudisha ni mambo mawili. Mkataba wa kocha msaidizi uandikwe peke yake, usife siku anapofukuzwa kocha mkuu. Na katika kila bajeti ya usajili itengwe ada ya kozi yake ya CAF, ilipwe kabla ya kumsajili mshambuliaji wa mwisho.