Chujio la Maji kwa Msafiri

Maji yaweza kung'aa kama kioo, na huku ndani yake mna maradhi. Leo nitaeleza jinsi msafiri aendaye kwa miguu awezavyo kuchagua chujio la kuchukua mkobani.

Chujio ni ukuta wenye matundu madogo mno: maji hupita, uchafu hubaki. Machujio mengi ya safari yana nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani, mfano wa mianzi, na matundu ya kuta zake ni kama sehemu moja au mbili ya elfu kumi za milimeta. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havipiti hapo, wala amiba.

Lakini viko vilivyo vidogo zaidi, ndivyo virusi. Mwaka 1884 Mfaransa Charles Chamberland alitengeneza chujio la kauri lililozuia bakteria. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky akaona kuwa utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa, hata ukichujwa humo, ungali ukiambukiza. Kadhalika virusi vya homa ya ini aina ya A hupenya nyuzi zile. Basi, mto ukipita karibu na makazi ya watu, chuja kwanza, kisha chemsha. Maji yakitokota kwa dakika 1 yatosha. Juu ya mita 2,000, dakika 3.

Apandaye Kilimanjaro ajihadhari pia na baridi. Katika kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, maji huweza kuganda usiku. Yaliyobaki nyuzini yakiganda hutanuka na kuzipasua, wala jicho haliuoni ufa. Asubuhi chujio litatoa maji kama jana, na maradhi pamoja nayo. Kwa hiyo msafiri alale nalo ndani ya blanketi. Chujio la kauri likiziba husuguliwa likafaa tena, ila likianguka huweza kupasuka.

Tena, machujio haya hayaondoi chumvi ya visima vya pwani, wala floridi iliyomo katika maji ya baadhi ya mahali pa Arusha, ambayo huharibu meno ya watoto. Hata kuchemsha hakuiondoi.

Basi kabla ya kununua, uliza: Matundu yake yana ukubwa gani? Huzuia virusi? Husafishwaje likiziba? Na chujio lenye nyuzi likiisha kuganda, usilijaribu kwa tumbo lako, litupe.