Mwinuko na Damu Yetu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwaacha Waamhara wa milima ya Simien, Ethiopia, wanaoishi zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari bila damu yao kuwa nzito kama ya wenyeji wa Andes. Je, na sisi wa Karagwe, tulio kwenye mita 1,500 na ushei, hewa ya juu imebadili vinasaba vyetu?

Jibu langu ni hapana. Hapa Omurushaka mgandamizo wa hewa bado unazidi asilimia 80 ya ule wa pwani. Mtu hupanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani, akifika anapiga soga. Hewa hii haiui watoto wala haiharibu mimba, na kisichoua hakichagui nani aache uzao.

Anayechagua ni mbu. Kimelea cha malaria huhitaji joto ili kikomae tumboni mwake: kwenye nyuzijoto 25 huchukua siku 12 hivi, kwenye 20 hupita wiki tatu, na mbu wengi hufa kabla. Chini ya 16 hakikomai kabisa. Kwa hiyo kila ukipanda, malaria inapungua, na pamoja nayo faida ya kuwa na damu inayoikinza.

Mwaka 1949 Lehmann na Raper walikuta Waamba wa Bundibugyo, Uganda, wakibeba kinasaba cha selimundu (siko seli) kwa takribani asilimia 45. Juu Kigezi, kwa Wakiga, ni nadra. Lehmann na Raper walitafuta sababu katika asili ya makabila, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kinasaba hicho kimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, nyanda za juu hakipo sana, akaigeukia malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: anayekirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Lakini watu huhama na kuoana, na mbebaji mwenye afya hajijui. Wawili wa aina hiyo wakioana, hata wakijenga juu kabisa kusiko na mbu, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu.