Gari kuukuu la spoti: Mifereji yaokoa mtaji, mbwembwe zaula

SOKO la magari ya zamani ya spoti lina desturi moja ambayo wanunuzi wageni huijua baada ya kupata hasara. Fedha inayoonekana kwa macho mara nyingi hairudi, na ile iliyofichika chini ya gari ndiyo inayorudi. Mfano mzuri ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, gari dogo la viti viwili na paa la turubai, ambalo kwa miaka mingi lilinunuliwa kwa bei ya mtumba wa kawaida na ambalo sasa linatafutwa na wakusanyaji.

Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Februari 1989. Nchini Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 13,800. Japani liliitwa Eunos Roadster, na Uingereza lilifika mwaka 1990. Toleo hilo, lenye taa za mbele zinazoinuka, lilitengenezwa Hiroshima hadi 1997. Aprili 2016 matoleo yote kwa pamoja yalivuka magari milioni moja. Kwa mfanyabiashara, takwimu hiyo ina maana kwamba MX-5 yenyewe si adimu. Kilicho adimu ni gari zima, lisilo na kutu, lisilochezewa, na lenye vifaa lilivyotoka navyo kiwandani.

Mazda wenyewe waliliona hilo. Mwaka 2017 walitangaza huduma ya kuyarudisha magari ya toleo la kwanza katika hali yake ya awali nchini Japani, na kuanza tena kutengeneza baadhi ya vipuri vyake, likiwamo paa la turubai, usukani wa mbao wa Nardi na matairi ya Bridgestone ya muundo wa zamani. Kiwanda kinapofufua kipuri cha gari la miaka ya 1990, mwenye gari hilo anapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kutupa kipuri chake cha asili.

MIFEREJI KWANZA

Adui mkuu wa gari hili ni maji. Mvua inayoteremka kwenye turubai hukusanywa nyuma ya viti, ikaingia katika mabomba mawili, moja kila upande, na kutokea chini ya gari mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Majani, vumbi na uozo wa turubai vikiziba mabomba hayo, maji hukosa njia. Hujaa kwenye zulia nyuma ya viti au huingia katika boriti za chuma zilizo chini ya milango. Boriti hizo zina tabaka zaidi ya moja, hivyo kutu huanza ndani, na siku inapotoboa rangi kwa nje, karibu na tairi la nyuma, kazi huwa imekwisha kuwa kubwa. Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, ndiko magari mengi yalikoangamia kwa njia hiyo.

Dawa yake ni kazi ya nusu saa. Uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia nyasi, hupitishwa taratibu kutoka juu hadi utokee chini. Waya wenye ncha kali haufai kwa kuwa hutoboa bomba. Kisha humiminwa glasi ya maji kila upande na mtu huchungulia chini. Maji yakitoka yote, kazi imekwisha. Yakitoka kidogo au yakipotea, zulia ling'olewe siku hiyohiyo.

Kutengeneza boriti iliyooza ni suala jingine kabisa. Ni kukata, kuchomelea bati jipya la ndani na la nje, kupaka rangi, na kuomba kwamba fundi bodi hakuziba tundu kwa puti. Mnunuzi makini hutembea na sumaku ndogo. Pale inapokataa kushika chini ya mlango, pana puti, na bei lazima ishuke au safari iishie hapo.

Turubai nalo lina siri isiyogharimu hata senti. Dirisha la nyuma la plastiki limefungwa kwa zipu. Zipu ifunguliwe na dirisha lilazwe kabla ya kukunja paa. Wengi hawafanyi hivyo, plastiki hukunjika, hupauka na kupasuka, kisha mwenye gari hulazimika kununua turubai zima.

GIA, KLACHI NA BREKI

Watu waliolisifu gari hili lilipotoka waliisifu sana gia yake, fupi na nyepesi mkononi. Baada ya miaka 30 gia hiyo huwa nzito, na joto hupanda kutoka kwenye kirungu hadi mguuni mwa dereva. Wengi hudhani giaboksi imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni raba mbili zilizo chini ya kirungu. Kikombe kinachobeba kirungu hicho kina mafuta yake kidogo, mbali na yale ya giaboksi, na raba ya chini ikichanika mafuta huteremka na kikombe hubaki kikavu. Kubadili raba, kusafisha kikombe na kukijaza upya hufanywa kwa kukaa kitini, kwa spana chache. Hakuna marekebisho mengine ya bei hiyo yanayobadilisha gari kiasi hicho, na hayo yote bila kuligusa umbo lake.

Silinda ndogo ya klachi, iliyo ubavuni mwa giaboksi, nayo ina sifa ya kuvuja. Ni kipuri cha bei nafuu kinachoshikwa na bolti mbili. Kikivuja barabarani gari halina klachi, kwa hiyo wafanyabiashara wengine hukibadili mara tu wanaponunua, pamoja na mafuta ya breki na klachi, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuharibika hata gari likiwa limeegeshwa.

Matairi ni mtego wa kimyakimya. Gari la kupendeza huendeshwa mara chache, hivyo kashata za tairi hubaki nzuri huku raba ikizeeka. Tangu 2000 ubavu wa tairi huwa na tarakimu nne za tarehe: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Magari ya mwanzo yalitoka na saizi 185/60R14. Matairi mapya ya saizi hiyo, pamoja na alaimenti nzuri, hurudisha wepesi wa usukani kuliko rimu pana zinazometameta. Kuna tahadhari moja: bolti za kurekebishia alaimenti hushikwa na kutu. Zipulizwe mafuta ya kulegeza siku kadhaa kabla ya kwenda kwa fundi.

NGUVU ZA BURE NA ZA GHARAMA

Injini ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, na ya lita 1.8 ilikuja 1993. Wenye magari ya lita 1.6 wana marekebisho yao maarufu, nayo ni kusogeza taimingi ya moto kutoka nyuzi 10 hadi 14. Huhitaji taa ya kupimia taimingi na kipande cha waya cha kuunganisha matundu mawili katika kisanduku cha uchunguzi. Gari huitika upesi zaidi linapoanza kuvuta. Lakini hutaka petroli ya daraja la juu. Injini ikianza kugonga kama inayosaga kokoto, irudishwe nyuzi 10 bila ubishi.

Baada ya hapo nguvu huuzwa kwa bei mbaya. Chujio la hewa la wazi huleta kelele nyingi kuliko kasi. Ekzosi kubwa hufanya hivyohivyo. Springi zilizokatwa ili gari likae chini huharibu mwendo, na mnunuzi anayefuata hujiuliza ni nini kingine kilichokatwa. Turbo ni mradi halali kwa anayependa kuendesha, lakini asiiandike katika hesabu ya mtaji. Aliyekwisha kufunga rimu au usukani wa kigeni atunze vile vya asili stoo, kwani huenda siku ya kuuza vikawa na thamani kuliko vilivyofungwa.

Ipo kazi moja ambayo mtu wa spana za nyumbani anashauriwa kuiacha. Magari ya lita 1.6 ya kabla ya katikati ya 1991 yana ncha fupi ya shafti kuu ya injini, mahali puli ya chini inapofungwa. Bolti ya hapo isipokazwa kwa kipimo sahihi wakati wa kubadili mkanda wa taimingi, puli hucheza na kuila shafti. Dalili ya haraka ni matundu kwenye puli: manne ni ncha fupi, manane ni ile iliyoboreshwa. Mkanda wenyewe ukikatika haugonganishi valvu na pistoni katika injini hizi, lakini shafti iliyoliwa hudai injini nyingine.

Kila kazi iliyofanyika iwe na risiti na picha, hasa picha za chini ya gari. Mnunuzi hawezi kuuona mfereji uliosafishwa, ila anaweza kuona ushahidi.

KUTOKA JAPANI

Soko la Eunos Roadster lilipata msukumo mwingine kutoka Marekani, ambako gari lililotimiza miaka 25 huruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango vya shirikisho vya usalama. Matoleo ya pekee kama V-Special ya 1990, ya rangi ya kijani yenye viti vya ngozi ya kahawia hafifu, yakawa na wateja wapya.

Kwa Afrika Mashariki mlango ni mwembamba. Kenya hairuhusu gari la kawaida lililozidi miaka minane kuingizwa, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Usukani wa kulia unafaa, na injini ni ya ukoo mmoja na za Mazda Familia, jambo linalorahisisha baadhi ya vipuri vya kawaida. Mwenye nia akague karatasi ya mnada wa Japani kabla ya kutuma fedha. Kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa. Zikionekana karibu na magurudumu ya nyuma, wakala aombwe picha ya chini ya milango, pande zote mbili.