Chaji Itakufikisha Wapi? Hesabu ya Pikipiki ya Umeme Huku Kapsokwony

Pikipiki za umeme zimeanza kuzungumziwa kwa steji nyingi za boda. Hakuna mafuta ya kununua kila asubuhi, hakuna oili ya injini, na malipo yote unafanya kwa simu. Lakini kabla hujatuma deposit, kuna swali moja ambalo muuzaji wa mjini huenda asikuulize: wewe unafanyia kazi wapi?

Ukiwa Kapsokwony, kazi yako ni ya mlima. Unashuka Kimilili na abiria mmoja, unarudi na abiria na gunia. Kesho ni Kaptama, kesho kutwa ni Kopsiro. Kilomita zilizoandikwa kwenye tangazo hupimwa kwa mwendo wa wastani, barabara nzuri na mzigo kidogo. Hapa kwetu zitapungua. Jua zitapungua kwa kiasi gani, ndipo ujue utalipa pesa ngapi na utalipia wapi.

Mlima unakula chaji kiasi gani?

Chukua betri ya yuniti 3. Hizi ni yuniti zile zile unazonunua kwa tokeni za stima. Kwenye barabara tambarare, pikipiki ya umeme hutumia takriban yuniti 3.5 kwa kilomita 100. Kwa hivyo betri hiyo itakupeleka karibu kilomita 85.

Sasa weka mlima. Pikipiki, dereva, abiria na mzigo mdogo hufika kilo 300 kwa urahisi. Kuinua uzito huo mita 100 kwenda juu hula karibu yuniti 0.1, mbali na ile chaji ya kusonga mbele. Kwa hivyo kila mita 100 za kupanda zinakunyang'anya karibu kilomita 3. Kwa mfano, mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Kitale karibu mita 1,900. Tofauti hiyo peke yake ni nusu yuniti, yaani karibu kilomita 15 za tambarare.

Tufanye hesabu ya siku nzima. Weka akiba ya asilimia 20 ambayo hutaigusa. Unabaki na yuniti 2.4. Ukipanda mara nne, mita 250 kila mara, umepanda mita 1,000 na umetumia yuniti 1. Zimebaki 1.4, ambazo ni kilomita 40 hivi. Ukiteremka mota inapumzika na unaokoa kiasi, lakini hurudishiwi yote. Kwa hivyo zile kilomita 85 za tangazo zinaweza kuwa kati ya 40 na 55.

Ndiyo maana hupaswi kugawa chaji nusu kwa nusu. Ukishuka Kimilili ukatumia asilimia 10, usidhani kurudi ni asilimia 10. Kurudi ndiko kwenye kazi. Wiki ya kwanza, andika asilimia ya betri ukiondoka, ukifika na ukirudi, kwa kila njia unayopita. Baada ya siku saba utakuwa na hesabu yako mwenyewe, ambayo ni bora kuliko ya tangazo.

Utachajia wapi?

Vituo vingi vya umma viko Nairobi na miji mingine mikubwa. Kampuni nazo hutofautiana. Ampersand na Spiro hutumia mfumo wa kubadilisha betri: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unalipia. Roam inauza pikipiki yenye betri ya kutoa, ambayo unaweza kuchaji kwa soketi ya kawaida nyumbani.

Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwa pikipiki ya nyingine. Kwa hivyo uliza jambo hili kabla ya kulipa: kituo chenu cha karibu na Kapsokwony kiko wapi, na kinafungwa saa ngapi? Kama jibu ni mji ambao kwenda na kurudi tu kunamaliza chaji, huo mfumo haujakufikia. Kwa sasa chagua betri ambayo unaweza kuchaji mwenyewe.

Kuchaji nyumbani ni kazi ya usiku. Chaja ya wati 700 huchukua karibu saa tano kujaza betri ya yuniti 3. Stima ikipotea saa nne usiku, asubuhi utaamka na betri nusu. Tafuta mahali pa pili mapema: duka, kinyozi au posho mill yenye soketi salama, mkubaliane bei kabla ya siku ya shida.

Inagharimu pesa ngapi?

Angalia ujumbe wako wa mwisho wa tokeni. Gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Tuseme ni KSh 28 kwa yuniti. Kwa kuwa chaji kidogo hupotea kama joto, kujaza betri ya yuniti 3 hutumia karibu yuniti 3.3 kwenye mita. Hiyo ni kama KSh 92.

Kuna mtego hapa. Bei ya stima ya nyumbani hupangwa kwa viwango: hadi yuniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100, kwa kutazama wastani wa miezi mitatu. Ukichaji siku 26 kwa mwezi, pikipiki peke yake ni karibu yuniti 86. Ongeza taa, TV na simu za nyumbani, utavuka 100 na kila yuniti itapanda bei. Usishangae mwezi wa nne tokeni ya KSh 500 ikileta yuniti chache kuliko zamani. Ipangie mapema.

Huenda pia umesikia kuhusu stima ya bei nafuu ya magari ya umeme. Ni kweli ipo. EPRA iliianzisha Aprili 2023, kwa KSh 16 kwa yuniti na KSh 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Lakini inahitaji akaunti yake tofauti. Mita yako ya nyumbani haiingii hapo yenyewe.

Ukichajia kwa duka, uliza bei kwa yuniti au kwa asilimia, si kwa saa. Kutoka asilimia 30 hadi 100 ni yuniti 2.3 hivi kwenye mita, karibu KSh 65 za stima. Mwenye duka akisema KSh 100, anapata faida yake ya haki. Akisema 200, sasa una hesabu ya kujadiliana naye.

Lipa vizuri, usikwame

1. Nunua tokeni mchana, si usiku mita ikiwa imezima. Kwa M-PESA, Paybill ni 888880 na akaunti ni namba ya mita yako. Tokeni ya tarakimu 20 hufanya kazi kwa mita moja tu, kwa hivyo soma namba ya mita mara mbili kabla ya kuweka PIN. Ikichelewa, piga *977#.

2. Kwa duka au kituo, lipa kwa Till na uhakikishe jina kabla ya PIN. Kulipia Till hakumkati mteja ada. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi, utalipia ada ya kutuma.

3. Data ikikataa huko juu, tumia *334#. Mtandao ukipotea baada ya kuweka PIN, usilipe tena haraka. Angalia salio kwanza, pengine malipo yalipita.

4. Tenga pesa ya chaji na ya mkopo kila siku kabla ya matumizi ya nyumbani. Baadhi ya pikipiki za mkopo huzimwa kwa mbali ukikosa malipo ya siku. Betri inaweza kuwa imejaa na bado usisonge. Pochi la Biashara itakusaidia kutenganisha pesa ya kazi na yako binafsi.

5. Mtu akikupigia simu akisema umeshinda chaji ya bure au betri mpya, kisha aulize PIN, kata simu.

Kabla ya kutuma deposit, omba kuijaribu pikipiki njia yako ngumu zaidi: shuka Kimilili, rudi Kapsokwony na abiria na mzigo, kisha soma asilimia iliyobaki. Muuzaji akikataa, pesa yako bado iko kwa simu yako. Iache hapo hapo.