AKIBA ILIYOOZEA NDANI YA KOPO
Namna ya kukusanya na kutunza mapambo ya mtumba

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi akina mama wa kikundi kimoja cha mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, tuliona yetu ikioza kwa macho yetu wenyewe. Tunawaeleza ili ninyi msirudie kosa letu.

Tulianza kwa kuchanga pesa kidogo kidogo na kununua mapambo yaliyokwisha kuvaliwa: mikufu, vipuli, bangili na pete. Nia ilikuwa tuyakusanye tangu Januari, tuyauze Desemba wakati wa arusi na sikukuu. Tulifunga kila fungu kwa vile vimipira vya kufungia noti, tukazungushia gazeti, tukatia yote ndani ya kopo moja kubwa na kulisukuma chini ya kitanda. Mvua ya masika ikapita. Tulipofungua mwezi wa sita, mikufu ilikuwa imesokotana kama mizizi, vya shaba vilikuwa vya kijani, na vya madini ya fedha vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kuni. Mama mmoja alinyamaza kabisa. Mchango wake ulikuwa wa karo ya mtoto.

Mapambo haya hutoka wapi?

Huko Uingereza na Marekani kuna maduka ya hisani. Watu hutoa bure vitu walivyochoka navyo, duka huviuza kwa bei nafuu, na faida husaidia wenye shida. Shirika la Oxfam lilifungua duka la namna hiyo katika Broad Street, mjini Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940. Nguo nyingi zinazobaki bila mnunuzi huuzwa kwa wafanyabiashara, hufungwa marobota na kusafirishwa. Kwetu hushukia Mombasa, zikafika Gikomba na masoko mengine, mpaka Embu. Pamoja na mikoba na mishipi hutokea mkufu mmoja mmoja. Sisi hununua kwa wauza mtumba sokoni, na pia huwaomba majirani walete ambavyo hawavai tena.

Jambo moja la kuangalia: mtu usiyemjua akikuletea cheni ya dhahabu jioni kwa bei ya kutupa, mwache aende nayo. Mali ya wizi itakupeleka polisi wewe na kikundi chako.

Kujua unachonunua

Si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Tafuta alama ndogo ndani ya pete au kwenye kifungo cha mkufu. Namba 925 ni ya madini ya fedha. Namba 375, 585 na 750 ni za dhahabu, yaani karati 9, 14 na 18. Herufi EPNS maana yake ni kwamba fedha imepakwa juu tu. Tena alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo chukua sumaku kutoka kwenye spika iliyoharibika. Kipande kikivutwa na sumaku, si dhahabu wala fedha. Kisipovutwa usishangilie bado, maana shaba nayo haivutwi.

Vitu vya bei ya chini kabisa huweza kuwa na risasi au kadimiamu, ambazo ni sumu. Mwaka 2010 huko Marekani mapambo ya watoto yaliondolewa madukani kwa sababu ya kadimiamu. Basi usimpe mtoto mdogo kitu cha namna hii, kwani atakitia mdomoni. Na mteja akiwashwa masikio, huenda ni madini ya nikeli. Mwambie aache kuvaa.

Kwa nini yetu yaliharibika?

Fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa. Salfa imo ndani ya vile vimipira, imo katika karatasi nyingi za magazeti, imo hata katika moshi wa makaa. Shaba hugeuka kijani kwa unyevu na jasho. Sisi tuliweka vyote pamoja, tukafunika!

Namna tunavyotunza sasa

1. Futa kwanza. Kila kitu kikaushwe kwa kitambaa cha pamba. Vipuli vipanguswe kwa spiriti kwa sababu vimepita katika sikio la mtu.

2. Tenga. Fedha peke yake, shaba peke yake. Trei ya mayai iliyo safi na kavu inatosha kwa pete na bangili.

3. Mkufu mwembamba upitishe ndani ya mrija wa soda, halafu ufunge kifungo chake. Hautasokotana tena.

4. Vipuli vya jozi vitie katika matundu mawili ya kifungo cha shati. Hakuna kupotea kimoja.

5. Weka vipande vya chaki ndani ya sanduku vinyonye unyevu. Vikilowa, vianike juani.

6. Sanduku likae juu, mbali na jiko na ukuta wenye maji. Lifunguliwe kila mwezi, na zaidi wakati wa mvua.

Vilivyokwisha kuharibika vingine hupona. Kwa fedha, tia maji moto na soda ya kuokea katika sufuria ya alumini, kitu kiguse sufuria yenyewe, kisha suuza na ukaushe. Kwa shaba, sugua kwa ndimu na chumvi, suuza vizuri. Lakini usijaribu hayo kwa lulu, kwa vyenye vito, wala kwa vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Ndimu hula lulu.

Na vile vikuku na shanga za shosho je? Hivyo msivichanganye na vya biashara, wala msivisugue ving'ae. Uzee wake ndio thamani yake, na akishauzwa kwa mgeni havirudi.

Mwisho, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi huandika tarehe, kitu, bei ya kununua na jina la aliyeleta. Wawili hushika funguo, wa tatu hushika daftari.

Tuliokoa karibu nusu ya lile kopo. Yule mama hakujitoa. Ndiye sasa anayefungua sanduku kila mwezi, na hakuna anayethubutu kuleta gazeti karibu naye. Nanyi kaeni kikundini mjiulize: akiba yenu mmeiweka wapi, na mara ya mwisho kuiangalia ilikuwa lini?