Vumbi la Kuzuia Ukame: Nani Atalishika?

Sisi wafanyakazi wa Kasese na Bwera tunaijua mvua kwa bei ya posho. Mvua ikikawia, unga hupanda bei, na mshahara ule ule hununua kilo chache. Kwa hiyo habari ya mahindi yanayostahimili ukame si ya wakulima peke yao.

Kazi hiyo si ngeni huku kwetu. Mwaka 2010 wataalamu wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, walipanda mahindi ya majaribio Mubuku. Mubuku ni pakavu, lakini pana mifereji ya maji yatokayo Rwenzori: mtaalamu aweza kuyafunga maji mahindi yakaona kiu, kisha akayafungua apendapo. Mahindi yale yalitiwa jeni ya bakteria wa udongoni, katika mradi ulioshirikisha kampuni ya Monsanto ya Marekani. Bunge lilipitisha muswada wa teknolojia hiyo mwaka 2017, Rais akaurudisha. Likapitisha tena mwaka 2018, ukarudishwa tena. Mbegu ile haikufika madukani.

Sasa inatajwa njia nyingine isiyogusa jeni za mmea. Ni vumbi jembamba mno, ambalo wataalamu huliita nanomateriali. Gawanya milimita moja mara milioni, upate nanomita. Chembe hizi huwa chini ya nanomita 100. Hutengenezwa kwa silika, ile iliyomo katika mchanga, au kwa zinki. Mbegu hulowekwa katika maji yenye chembe hizo kabla ya kupandwa, au majani hunyunyiziwa. Silika hukaa katika ngozi ya jani na kuikaza, maji yasipotee upesi. Zinki ni chakula cha mmea, na mashamba mengi ya Afrika yana upungufu wake.

Katika majaribio ya ngano na mahindi, miche iliyopewa kiasi kidogo imestahimili kiu kuliko mingine. Kiasi kikizidi, dawa hugeuka sumu na mizizi hudumaa. Tena majaribio mengi yamefanywa katika vyungu, na chungu si shamba la Bwera.

Hapa ndipo penye neno letu. Atakayechanganya unga huo si mtaalamu, ni kibarua. Katika wilaya hii yenye mgodi wa Kilembe, ulioanza kutoa shaba mwaka 1956, hakuna haja ya kumweleza mzee wa mgodini maana ya vumbi. Ni kweli kwamba silika ya dawa hizi kwa kawaida si ya namna ile inayoua wachimbaji. Lakini chembe ndogo kiasi hiki, zikivutwa zikiwa kavu, hufika ndani kabisa ya mapafu. Na mafundi wanaochomelea mabati wanaijua homa iletwayo na moshi wa zinki.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sisi tunataka mifuko iandikwe kwa lugha tunazosoma, dawa iletwe ikiwa majimaji wala si unga mkavu, na barakoa zigawiwe kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe hizo.