Fimbo getini, darasani usingizi

Msomaji, hebu kumbuka shule yako. Mkuu alikuwa wa aina gani? Wa getini au wa darasani?

Mimi nimesoma sekondari moja ya pwani ya Lindi, jina naliacha. Mkuu wetu wa kwanza alikuwa wa getini, fimbo mkononi. Kila Jumatatu walimu walimpelekea maandalio ya somo, anagonga muhuri, basi. Darasani hakanyagi. Walimu nao wajanja: andalio linang'aa, lakini kipindi anakuja monita na daftari la notisi, anajaza ubao, sisi tunakopi. Ukiuliza swali unaitwa mjuaji. Mshikaji wangu wa dawati moja aliuliza, akala viboko vinne. Hakurudi tena.

Bwana yule akahamishwa, akaja Madam. Huyu alifundisha Jiografia mwenyewe, tena Kidato cha Pili, wenye mtihani wa taifa. Siku nyingine anaingia kipindi cha mwenzake, anakaa dawati la nyuma kimya, jioni wanazungumza wawili. Baadhi ya walimu walinuna, wakasema anawachunga. Lakini mwalimu wa Baiolojia, yule yule wa notisi, alianza kutugawa makundi, na siku moja maji yalipokupwa akatupeleka mikokoni.

Sio stori za kijiweni hizi. Mradi wa EQUIP-Tanzania, kwa fedha za Uingereza, ulifanya kazi Lindi na mikoa mingine kuanzia 2014 hadi 2020. Haukuishia kuwanoa walimu wa madarasa ya chini kufundisha kusoma na kuandika. Walimu wakuu nao waliingizwa darasani kujifunza uongozi. Unadhani kwa nini? Mwalimu akitoka semina na mbinu mpya, halafu bosi wake anataka utulivu na ubao uliojaa tu, mbinu zinabaki kwenye begi.

Sasa nirudi mikokoni. Tukamkuta nani? Mshikaji wangu, tope magotini, anatafuta kaa. Mwalimu akamwomba atutajie miti. Akaanza: mkoko, mkandaa, mchu, msinzi, mlilana, na upi unafaa kujengea, upi kuni. Sisi tunaandika, jamani!

Madam aliposikia alimfuata kwao mara mbili. Mara ya pili mama mtu alimwambia kijana keshaondoka na mashua, wamekwenda dago.